Mtandao wa duka la steshenari Mwanza: kutoka kebo hadi DNS

Pita Malimbe au Nyegezi jioni, wanafunzi wakiwa wamerundikana kwenye steshenari na flashi mkononi, utasikia neno moja tu: mtandao hakuna. Printa ikigoma, mtandao hakuna. Fomu ya mkopo ikikataa kufunguka, mtandao hakuna. Laptopu mpya isipoiona printa iliyo mita mbili kutoka ilipo, mtandao hakuna, na mwenye duka anakimbilia kuongeza bando.

Bando halihusiki na printa hata kidogo. Ndani ya duka lako kuna mitandao miwili iliyogusana. Mmoja ni wa ndani, unaounganisha kompyuta, printa na simu zako. Huo ni mali yako, haulipiwi mwezi, na unaweza kufanya kazi hata kama bando limekwisha. Mwingine ni intaneti, unayoinunua kwa mtoa huduma. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za SEACOM na EASSy zilipokatika kusini mwa Afrika, intaneti ilizorota Tanzania nzima. Siku ile duka lililopangwa vizuri lingeweza kuendelea kuchapa makaratasi kutoka kompyuta yoyote hadi printa kama kawaida. Tutaunga duka la namna hiyo hapa, na kila neno la kitaalamu tutalieleza pale linapohitajika. Mfano wetu ni duka lenye kompyuta tatu, printa moja yenye tundu la kebo, na laptopu ya bosi chumba cha nyuma.

Hatua ya 1: Chora kwanza, nunua baadaye

Chukua karatasi. Chora meza, printa, mlango, dirisha, na mahali umeme ulipo. Halafu weka rauta.

Rauta ndiyo inayokaa mpakani. Upande wake mmoja ni mtandao wa ndani, ambao mafundi wanauita LAN, na upande wa pili ni mtoa huduma. Kile kisanduku unachopewa ukinunua huduma ya intaneti kwa kweli ni vifaa vinne vilivyofungwa pamoja: modemu inayoongea na mtoa huduma, rauta yenyewe, swichi ndogo ya matundu machache, na kituo cha waifai. Ukijua hivyo utaelewa kwa nini taa moja inaweza kuwa nyekundu na nyingine zikawaka kijani bila wasiwasi. Kimoja kati ya vinne ndicho kinachoumwa.

Matundu yakiwa hayatoshi, nunua swichi ya matundu manane. Swichi haina habari na intaneti. Kazi yake ni kupokea pakiti, yaani kipande kidogo cha data, kutoka tundu moja na kuipeleka kwenye tundu linalohusika, basi.

Kama rauta yako inatumia laini ya simu, usiiweke popote panapopendeza macho. Mwanza ni mji wa majabali, na mawimbi hayapiti kwenye jabali la graniti. Duka likiwa mgongoni mwa mlima na mnara ukiwa upande wa pili, hata ununue kifurushi cha bei gani utapata vistari viwili. Zunguka na simu yenye laini ileile, tafuta dirisha lenye mawimbi mazuri, rauta ikae hapo, kisha vuta kebo kutoka hapo hadi kwenye swichi mezani. Kebo ya mita ishirini ni rahisi kuliko kubadilisha mtoa huduma kila mwezi.

Hatua ya 2: Kebo, na hapa usione haya kubana fundi

Kompyuta isiyohama na printa viunge kwa kebo. Waifai waachie simu na laptopu. Nimeona maduka yenye printa ya waifai iliyokaa juu ya rauta kabisa, tundu la kebo liko wazi nyuma yake, na kila siku wanalalamika inapotea.

Omba Cat5e au Cat6. Zote mbili zinabeba gigabiti moja (megabiti 1,000) kwa sekunde, na kipande kimoja kisizidi mita 100. Kabla hujalipa, mwambie muuzaji akate kidogo, ukwangue waya mmoja kwa wembe. Ukiona rangi ya shaba hadi ndani, hiyo ni shaba. Ukiona weupe wa fedha chini ya shaba, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Inafanya kazi, ila inakatika kirahisi ikikunjwakunjwa, na kwa masafa marefu inapoteza nguvu. Bei yake iwe ya aluminiamu basi, isiwe ya shaba.

Kichwa cha kebo kinaitwa RJ45, na ndani kuna nyaya nane zilizosokotwa mbilimbili. Kishike kichwa klipu ikiangalia chini na mdomo wake ukielekea mbele. Mpangilio unaotumika zaidi, T568B, kutoka kushoto ni huu: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Fanya hivyohivyo upande wa pili.

Kuna mafundi wanaopanga rangi kwa jozi, chungwa na mwenzake, kijani na mwenzake, bluu na mwenzake, kwa sababu inapendeza na inakumbukika. Kipimo cha kebo cha bei rahisi kitawasha taa zote nane na mtapeana mikono. Lakini utaratibu ule wa bluu kukaa katikati ya jozi ya kijani una maana yake: waya wa tatu na wa sita lazima wawe wamesokotwa pamoja ndiyo wakingane na kelele za umeme. Ukivunja jozi hiyo, kebo fupi itavumilia, kebo ndefu itakatakata na hakuna atakayejua kwa nini. Kwa hiyo angalia rangi mwenyewe kabla kichwa hakijabanwa. Kasi ya megabiti 100 hutumia nyaya nne tu kati ya nane, gigabiti hutumia zote. Ukiona kompyuta mpya na swichi mpya zinaelewana kwa megabiti 100, mara nyingi kuna waya wa bluu au wa kahawia ambao haujagusa.

Kosa jingine la kebo halina dalili ya kebo. Mtu anafagia, anakuta kichwa kinaning'inia, anakichomeka kwenye swichi, kumbe ncha ya pili nayo imechomekwa kwenye swichi ileile. Pakiti zinazunguka humo bila kikomo, taa zote zinapepesa kwa pamoja kama zimepagawa, na duka zima linaganda. Ukiona taa za namna hiyo, chomoa kebo moja baada ya nyingine mpaka zitulie.

Na radi. Ziwa letu ni kati ya sehemu za dunia zinazopigwa na radi nyingi, na juu ya maji nyingi hupiga usiku, wakati duka limefungwa. Ukifunga, chomoa umeme wa rauta na, kama una antena au kebo inayotoka nje ya jengo, ichomoe nayo. Usivute kebo ya shaba kutoka jengo moja hadi jingine kwa kupitisha juu ya bati. Tumia faiba, ambayo ni kioo na haipitishi umeme, au jozi ya antena za waifai zinazotazamana.

Hatua ya 3: Anwani

Ukibofya kuchapa, faili haliendi zima kwenye printa. Linakatwa vipande vidogo, pakiti, na kila pakiti inaandikwa anwani ya inakotoka, anwani ya inakokwenda, na namba ya mfuatano. Ni kama mzigo wa dagaa unaoshushwa Mwaloni Kirumba: magunia ya mtu mmoja yanaweza kuja na mitumbwi tofauti, yakashuka yakipishana na ya wengine, lakini kila gunia lina alama ya mwenyewe, na likipungua moja atalidai. Anayedai upande wa mtandao anaitwa TCP. Pakiti ikipotea njiani, anaomba itumwe tena.

Kila kifaa kina anwani mbili. Ya kwanza, MAC, inatoka nayo kiwandani: tarakimu na herufi kumi na mbili, kwa kawaida zikipangwa mbilimbili, kama 3C:52:82:0A:1B:9F. Swichi inaangalia hiyo. Ya pili ni anwani ya IP, ambayo kifaa hupewa kwenye mtandao kilipo na hubadilika kikihama. Rauta inaangalia hiyo.

Ione kwa macho. Kwenye Windows andika cmd kwenye kisanduku cha kutafutia, fungua dirisha jeusi, andika ipconfig, bonyeza Enter. Tafuta mistari mitatu. Mmoja una IPv4, tuseme 192.168.1.23. Wa pili, Subnet Mask, 255.255.255.0. Wa tatu, Default Gateway, 192.168.1.1.

Mstari wa pili unatafsiri wa kwanza. Pale penye 255 ni jina la mtaa, penye 0 ni namba ya nyumba. Kwa hiyo wote wanaoanza na 192.168.1 ni majirani na wanaongea moja kwa moja kupitia swichi, bila kuisumbua rauta. Namba za mwisho ni kuanzia 1 hadi 254, kwa sababu 0 ni ya mtaa wenyewe na 255 ni ya kuwatangazia wote. Mstari wa tatu ni lango, yaani rauta: pakiti yoyote inayokwenda kwa asiye jirani inapelekwa huko.

Usishangae ukikuta jirani yako naye ana 192.168.1.23. Anwani zinazoanza na 192.168, zinazoanza na 10, na zile za 172.16 hadi 172.31 zimetengwa kwa mitandao ya ndani, na kila mtu duniani anaruhusiwa kuzitumia nyumbani kwake. IPv4, iliyowekwa rasmi mwaka 1981, ina anwani bilioni 4.3 hivi kwa jumla, ambazo hazitoshi watu waliopo, sembuse simu na kamera zao. IPv6 ilikuja kuziba pengo hilo. Kwa duka letu haitubani.

Anayegawa anwani ni DHCP, huduma ndogo ndani ya rauta. Kifaa kikiwashwa kinapiga kelele mtaani, "Nani ananipa anwani?", DHCP inajibu na kumkodishia kwa muda. Kompyuta ikiuliza isijibiwe, hujipa yenyewe anwani inayoanza na 169.254. Kumbuka namba hiyo. Ukiiona kwenye ipconfig, usimpigie mtoa huduma. Kompyuta haijafika hata kwenye rauta yako: angalia kebo, swichi, au neno la siri la waifai.

Mgawaji awe mmoja tu. Kijana analeta rauta ya zamani kutoka nyumbani ili "kuongeza mawimbi", anaichomeka kwenye swichi, na sasa kuna DHCP mbili. Kompyuta inayojibiwa na ya zamani inapata lango lisilo na intaneti, inayojibiwa na mpya inaendelea vizuri, na kesho yake wanabadilishana. Rauta ya zamani inafaa kabisa kwa kazi hiyo, ila kwanza ingia kwenye mipangilio yake, uibadilishie anwani isigongane na ile kubwa, uzime DHCP, ndipo uiunge.

Hatua ya 4: Ipe printa anwani ya kudumu

Hii peke yake itakupunguzia nusu ya kelele za dukani. Umeme unakatika, unarudi, vifaa vinawaka kwa pamoja. Rauta nyingi za bei nafuu zinakuwa zimesahau nani alipewa nini. Jana printa ilikuwa 192.168.1.12, leo namba hiyo amepewa mteja aliyewahi na simu yake, printa imepewa nyingine. Kompyuta zote tatu zinaendelea kupeleka kazi kwa 12. Printa ni nzima, karatasi zipo, wino upo, na kwenye skrini inasomeka haipo.

Fungua kivinjari, andika anwani ya lango lako, mfano 192.168.1.1, ingia. Tafuta ukurasa wa DHCP. Weka igawe kuanzia 100 hadi 199 tu. Kisha nenda kwenye printa yenyewe, kwenye menyu yake ya mtandao, iandikie kwa mkono: IP 192.168.1.50, Subnet Mask 255.255.255.0, lango 192.168.1.1. Kwa kuwa 50 iko nje ya zinazogawiwa, hakuna simu itakayoichukua. Rauta nyingine zinakuruhusu kuifungia printa anwani kwa kutumia MAC yake, na hiyo nayo ni njia safi.

Mwisho, kwenye kila kompyuta ongeza printa upya kwa kuandika 192.168.1.50. Ile ya zamani ifute, la sivyo mtu ataendelea kuibofya.

Hatua ya 5: Waifai

Mawimbi ya 2.4 GHz yanafika mbali na yanapita ukuta vizuri zaidi, ila yamejaa. Ya 5 GHz yana kasi zaidi na yanaishiwa nguvu mapema. Laptopu ya bosi nyuma ya kuta mbili za tofali iache kwenye 2.4, simu za hapo kaunta ziende 5. Mitaa iliyobanana kama Makoroboi, kila duka lina waifai yake, kwa hiyo kwenye 2.4 chagua chaneli ya 1, 6 au 11, ambazo hazigusani. Chagua iliyo na majirani wachache.

Kwenye mipangilio ya waifai, aina ya ulinzi iwe WPA2 au WPA3. Badilisha pia neno la siri la kuingia kwenye rauta yenyewe, kwa sababu lile la kiwandani limebandikwa kwenye kibandiko chini yake na mteja yeyote anaweza kuigeuza rauta akalisoma. Kama unawapa wateja waifai, washa mtandao wa wageni. Huo unawapa intaneti bila kuwaonyesha kompyuta zako, zenye vitambulisho na vyeti vya watu mliovipiga skani.

Hatua ya 6: Kutoka nje

Anwani yako ya 192.168 haitambuliki intaneti. Pakiti ikitoka, rauta inafuta anwani ya ndani na kuandika ya kwake ya nje, inaweka kumbukumbu, na jibu likirudi inalikabidhi kwa mwenyewe. Kazi hiyo inaitwa NAT. Kampuni za simu mara nyingi hufanya NAT ya pili kwao, wateja wengi wakichangia anwani moja ya nje. Ndiyo maana ukitaka kuangalia kamera za duka ukiwa Nansio, kuandika anwani ya rauta yako kwenye simu hakutafika popote. Nunua kamera ambayo yenyewe inatoka nje na kuunganishwa na seva, yaani kompyuta ya kuhudumia wateja, ya kampuni yake, kisha programu ya simu inakutana nayo huko.

Na DNS. Watu wanaandika majina, pakiti zinataka namba. DNS, iliyobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983, ndiyo inayoulizwa jina la tovuti na kurudisha anwani ya IP. Ikizimia, intaneti ipo lakini hakuna tovuti inayofunguka. Kwa kawaida unatumia DNS ya mtoa huduma. Ikisuasua, kwenye ukurasa wa DHCP wa rauta andika 8.8.8.8 ya Google au 1.1.1.1 ya Cloudflare.

Kuhusu kasi: unauziwa megabiti, faili linapimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Laini ya megabiti 10 kwa sekunde hushusha megabaiti 1.25 kwa sekunde. Faili la megabaiti 50 litachukua sekunde 40 hata kama kila kitu kiko sawa, kwa hiyo usimgombeze mtu.

Hatua ya 7: Kosa likitokea, anzia karibu uende mbali

Mteja anapiga kaunta, "Dada, fomu yangu inafungwa saa sita." Fungua dirisha jeusi, upime kwa mpangilio huu bila kuruka.

Andika ipconfig. Ni 169.254? Kosa ni kebo, swichi au waifai, kama tulivyoona. Anwani iko sawa? Andika ping 192.168.1.1, yaani unaipigia rauta hodi uone kama itaitika. Majibu yakirudi na muda wa milisekunde moja au mbili, mtandao wa ndani ni mzima. Yasiporudi, mtuhumiwa wa kwanza ni rauta au kebo inayokwenda kwake.

Kisha ping 8.8.8.8. Isipojibu na lango limejibu, ndiyo sasa angalia salio la bando, taa ya modemu, halafu mpigie mtoa huduma. Akikwambia uzime na kuwasha rauta, mwambie lango linajibu na 8.8.8.8 haijibu, mazungumzo yatafupika. Ikijibu, andika ping google.com. Jina likikataa wakati namba imekubali, ni DNS.

Zote nne zikijibu na fomu bado haifunguki, tatizo liko kwenye tovuti ile, na siku ya mwisho ya maombi hilo ni jambo la kawaida. Jaribu kwa simu yenye laini ya kampuni nyingine. Ikikataa na huko, mwambie mteja ukweli na mpeane zamu ya kujaribu tena.

Andika kwenye karatasi anwani ya lango, anwani ya printa, namba ya huduma kwa wateja na tundu gani la swichi linakwenda wapi, ubandike ndani ya kabati karibu na rauta. Neno la siri la rauta usiliandike hapo. Liweke nyumbani, kwenye daftari ambalo kijana wa zamu hana haja ya kulifungua.